Jinsi ya Kula Hela ya Korosho Ikiwa Bado Ua

Anayetaka kufilisika kwa korosho hahitaji kusoma sana. Anahitaji mikorosho michache, shida moja ya mwezi wa saba, na jirani mwenye fedha taslimu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wakulima wa Mtwara, Lindi na Tunduru, kwa mtindo wa vile vijitabu vya kilimo bora: hatua kwa hatua, ili atakayezifuata zote afike bila kupotea. Anakofika ni kwenye mnada wa Oktoba, siku ambayo kilo zake zinapata bei nzuri na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kila hatua iliyomo humu inafuatwa kila mwaka, na kila moja naiandika nikiomba uiruke.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kwa bei ya mwaka jana

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unautazama mti, unakumbuka mwaka jana shamba lilitoa gunia ngapi, unazidisha kwa bei ya mnada wa mwaka jana, unapata jumla. Jumla hiyo unaanza kuiita hela yangu. Kuanzia hapo mipango inakuja yenyewe: bati, pikipiki, ngoma ya mtoto.

Sasa itazame hiyo bei. Msimu wa 2017/18 kilo ya korosho ghafi ilifika shilingi 4,000 na kuvuka. Misimu iliyofuata bei ikateremka, hata kufikia 2023/24 wengi walikuwa wakiuza kwa bei inayozunguka shilingi 2,000. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ukafunguka tena juu ya 4,000. Mkulima ni yule yule, shamba ni lile lile, jasho ni lile lile. Aliyeanza msingi wa nyumba kwa hesabu ya mwaka wa neema alijikuta na kuta zisizo na paa mwaka uliofuata, na kuta hizo bado zipo, unaziona ukipita barabarani, migomba imeota sebuleni.

Bei ya korosho haipikwi Newala wala Tandahimba. Sehemu kubwa ya korosho zetu inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mnunuzi wa huko anaangalia ghalani kwake amebakiwa na nini kutoka Afrika Magharibi, ambako mavuno huanza karibu na Februari, miezi mingi kabla yetu. Anaangalia nauli ya meli na dola. Sisi tunaingia sokoni Oktoba, wakati akiba yake imepungua, na hiyo ndiyo bahati yetu. Mwaka ambao Ivory Coast imevuna kupita kiasi, bahati hiyo inapungua, na hakuna mtu wa kupita vijijini mwezi wa saba kumwambia mkulima kwamba inapungua.

Hayo ni ya sokoni. Shambani nako kuna ubwiri unga unaokausha maua, kuna mbu wa mikorosho, kuna mvua inayokuta korosho ziko chini na kuzishusha daraja. Na bei inayotangazwa mnadani siyo inayofika mfukoni. Njiani kuna ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafiri, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu, mchango wa utafiti. Anayezidisha kilo zake kwa bei ya mnada bila kutoa makato ameanza msimu akiwa na deni asilolijua.

Hatua ya pili: tangazo lihesabu kuwa malipo

Hatua hii inahitaji imani, na imani watu wa kusini wanayo. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja mnadani na bei zilizo chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa. Walikuwa na haki ya kuzikataa. Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakateremka kusini kusomba mzigo. Fedha zikapangwa kutoka kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo.

Ahadi nzito kuliko hiyo ni vigumu kuipata. Bei imetajwa na Rais, gunia limebebwa na askari. Nani angemlaumu mtu aliyetoka pale moja kwa moja mpaka dukani kuchukua bati kwa mali kauli?

Lakini kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki. Waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yaliyouzaa, kwa sababu Serikali ilikuwa inawasaka wanunuzi wa pembeni waliojificha ndani ya orodha za wakulima. Majina yakapitiwa, akaunti zikapitiwa, watu wakalipwa kwa mafungu. Wako waliolipwa mapema. Wako ambao sikukuu zilipita, shule zikafunguliwa Januari, palizi ya msimu mwingine ikaanza, wao bado wanadai. Mwezi huohuo wa Januari 2019 ulitiwa saini mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya. Ilipofika Mei mkataba ukavunjika. Korosho zilikuwa maghalani, bei ilikuwa kwenye karatasi, na mama aliyezizalisha alikuwa akikopa unga.

Sisemi haya kuikejeli bei ile. Ilikuwa kubwa kuliko waliyoileta wanunuzi, na nia ya kumlinda mkulima ilionekana wazi. Ninachosema ni kwamba bei ni jambo moja na malipo ni jambo la pili, na katikati ya hayo mawili kuna watoto wanaokula kila siku. Mwenye duka aliyetoa bati naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla anadaiwa na benki. Hela moja ambayo haijafika ilikuwa imeshatumika mara nne. Ikichelewa, wote wanne wanalala macho, na wa kwanza kupokonywa kitu ni yule wa chini kabisa, kwa sababu kitu chake kiko wazi uani: baiskeli, mbuzi, bati zenyewe.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenyewe: uza kwa kangomba

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, chagua hii. Hatua zile nyingine zinakupunguzia, hii inamaliza.

Wasioijua kangomba, habari yake ni fupi. Ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu wa vyama, mara nyingi kabla msimu haujafunguliwa, kwa bei anayoipanga mwenye hela. Serikali imeipiga marufuku, na kila msimu viongozi wanarudia onyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007 ulikusudiwa, pamoja na mengine, kumtoa mkulima katika mikono hiyo: unapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unahifadhiwa ghalani, unauzwa kwa mnada. Mfumo umeleta bei bora. Kitu ambacho haukuleta ni hela ya Agosti.

Na Agosti ndiyo mwezi wa kangomba. Mikorosho imetoa maua na mingine imeanza kushika, chakula cha ndani kinaelekea ukingoni, mashine ya kupulizia inakodiwa kwa hela taslimu. Kidato cha tano nacho huanza Julai. Binti amechaguliwa shule ya bweni mkoa mwingine, na fomu ya kujiunga imefika: godoro, tranka, shuka jozi mbili, ndoo, nauli ya siku mbili njiani. Fomu ile haina kisanduku cha kuandika kwamba korosho zinauzwa Oktoba.

Nimekaa kwenye baraza la mama mmoja mwenye fomu kama hiyo, kijiji kimoja cha Tandahimba, mnunuzi alipofika. Hakuja kama mwizi. Alikuja na pikipiki, akaizima mbali ili isiamshe mtoto, akavua kofia.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba baba. Karibu, vuta hicho kigoda.”

Akauliza hali ya mguu wa mama. Akauliza habari za msiba wa jirani, akatoa pole. Alipoinua macho kuitazama mikorosho alikuwa ameshaihesabu tangu barabarani.

“Mwaka huu imeshika, mama mkubwa.”

“Imeshika, Mungu akipenda. Lakini yule mjukuu ndiyo hivyo, shule imefungua na yeye yuko hapa.”

“Hilo lisikuumize kichwa. Unataka ngapi?”

Alitaka laki moja na nusu. Kijana akatoa daftari la kaunta lenye jalada lililochakaa, akaandika jina, akaandika kilo 150, akamgeuzia aweke dole. Shilingi hazikuandikwa. Nalikumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote: kwenye ukurasa mzima wa majina hapakuwa na shilingi hata moja, palikuwa na kilo tu. Kisha akahesabu noti juu ya mkeka, moja moja, kwa heshima zote, akanywa maji, akaaga.

Tupige hesabu pamoja, tena polepole. Mama yule amepokea shilingi 150,000. Oktoba mnada ukifunguka kwa 4,000, kilo zake 150 ni shilingi 600,000 kabla ya makato. Kwa miezi miwili ya kusubiri amelipa karibu 450,000 juu ya alichochukua. Wakopeshaji wadogo wenye leseni wamewekewa na Benki Kuu ya Tanzania kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, mkopo wa 150,000, hata ukifika miezi mitatu, ungemgharimu riba isiyofika shilingi 16,000. Tofauti hiyo ndiyo godoro, na tranka, na nauli ya kwenda na kurudi kwa miaka yote miwili ya kidato cha tano na cha sita.

Bei ikianguka je, si mnunuzi ndiye atakayeumia? Faida yake ndiyo itakayopungua. Amenunua kwa 1,000, na mnada ukishuka hadi 2,000 bado amepata mara mbili. Shamba likikosa mavuno, zile kilo hazifutwi, zinahamia msimu ujao, na mara nyingine zinaongezeka njiani. Ikishindikana kabisa, shamba lenyewe linawekwa poni: mwenye daftari anavuna mikorosho ya mzee kwa misimu kadhaa, na mzee anaitwa kibarua cha kupalilia miti aliyoipanda yeye mwenyewe.

Wapo wanaosema mkulima ni mjinga, hana nidhamu ya fedha, apelekewe semina. Kauli hiyo inanikera. Mama yule alijua bei ya mnada uliopita kuliko afisa yeyote. Alijua anapunjwa, na aliweka dole akijua. Alichonunua siyo fedha, ni kiti cha mjukuu wake darasani, na siku ile mtu mmoja tu katika wilaya nzima alikuwa akikiuza. Mahali ambapo mkopo wa halali unahitaji wiki tatu na barua mbili, na mkopo wa haramu unafika kwa pikipiki na kukuamkia, usishangae ni upi unaochukuliwa.

Hatua ndogo ndogo za kumalizia

Dukani usiulize bei. Sema tu andika, nitalipa korosho zikitoka. Bei ya mali kauli inajua kupanda ikiwa peke yake ndani ya daftari.

Sherehe ya jando au unyago ifanye kabla ya mnada, uwaalike na wale ambao hukuwapanga. Wazee walishasema juu ya kukopa harusi na kulipa matanga, na kwenye vijiji vya korosho matanga hayo yana tarehe.

Kwenye simu, pakua programu yoyote inayokopesha dakika tano bila kukuuliza lolote isipokuwa ruhusa ya kusoma majina ya watu wako wote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Watu wameyapa mikopo hii jina la kausha damu, na waliolitoa jina hilo walikuwa wakieleza yaliyowapata. Ukichelewa siku moja, mkwe wako anapokea ujumbe wenye jina lako na deni lako.

Na hatua hii ndiyo inayovunja nyumba: mfiche mwenzio. Baba anauza kilo 200 akiwa shambani, mama anauza kilo 150 akiwa barazani, kila mmoja akiamini yeye ndiye aliyeanza. Oktoba magunia yanatoka uani, na wenye madaftari wanakutana mlangoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari pekee lililokuwepo katika nyumba hiyo lilikuwa la mtu wa nje.

Korosho haiko peke yake. Kagera kahawa inauzwa ikingali mtini kwa jina la butura, na hesabu ni hii hii. Kenya, wakulima wadogo wa chai walio chini ya wakala wa chai, KTDA, wanalipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha wanasubiri bonasi inayolipwa karibu na Oktoba. Bonasi hiyo nayo ina wanaoikopesha kabla haijatangazwa, na mwaka inapotangazwa ndogo vilio vinaanzia kwa walioila. Hata halmashauri zetu za kusini zinapanga bajeti kwa ushuru wa korosho ambazo bado ni maua. Mwalimu anayekopa juu ya malimbikizo yake na mstaafu anayejenga kwa mafao ambayo faili lake halijafunguliwa wako kwenye foleni hii hii.

Ukitaka kuukosea mwongozo huu

Unaweza kuukosea, na ningefurahi sana. Anza na jambo moja kabla ya yote: ukikopa shilingi, lipa shilingi. Usikubali kamwe kukopa shilingi ukaandikwa kilo. Deni la shilingi lina ukubwa unaojulikana. Utalilipa kwa korosho, kwa ufuta, kwa kuku, kwa kibarua. Deni la kilo linakua kila bei inapopanda, yaani neema ikija kijijini inampitia mwenye daftari kwanza. Kama mnunuzi ni mtu mwema kama anavyoonekana, mwambie: baba, niandikie laki moja na nusu, na riba yake useme. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Pili, tenganisha shida na hamu, tena kwa ukali. Kidato cha tano ni shida. Mashine ya kupulizia ni shida, maana usipopulizia hakuna cha kudaiana. Bati zinaweza kusubiri mpaka ujumbe wa benki uingie, na zikisubiri utazinunua kwa bei ya taslimu. Hesabu ya mipango ipige kwa bei mbaya kuliko zote za misimu mitano iliyopita, ukiwa umeshatoa makato. Ikizidi, utakuwa na ziada, na sijaona nyumba iliyovunjika kwa ziada ya korosho.

La tatu ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kwa sababu liko ndani ya uwezo wa kijiji bila kumsubiri mtu. Vikundi vya hisa na VICOBA vimejaa kusini. Wanawake wanakutana kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake, hisa zinaandikwa mbele ya wote. Lakini vingi vinavunja mzunguko na kugawana Desemba, kwa mazoea, ili watu wapate hela ya sikukuu. Desemba hela ya korosho imeshaingia. Vikundi vinamimina maji mahali ambapo mvua imekwisha kunyesha, na Agosti sanduku limekopwa lote, halina cha kumpa mama mwenye fomu ya shule mkononi.

Hamisheni mgao uje Julai. Nunueni hisa nyingi Novemba mpaka Januari, wakati noti ziko mitaani na mnunuzi wa kangomba anahesabu faida yake. Gawaneni siku fomu za kidato cha tano zinapofika. Kikundi cha watu 25 chenye mgao wa Julai kinaondoa majina 25 kwenye daftari lile la kaunta. Chama cha msingi nacho kina mkutano mkuu, na kuna jambo la kukidai humo: mfuko wa dharura wa shilingi, wenye riba ya halali, unaofunguliwa Julai na kurejeshwa kwenye malipo ya mnada, ukiwa na kamati inayojibu ombi ndani ya siku tatu. Vyama vyenye ghala, mizani na mhasibu vinaweza kusimamia mfuko wa namna hiyo. Wanachama waamue tu kwamba ni muhimu kuliko posho za vikao.

Tarehe ya mgao imeandikwa kwenye katiba ya kikundi, na katiba hiyo inabadilishwa na wanakikundi wenyewe kwa kikao kimoja. Hicho kikao kiitwe sasa, kabla mikorosho haijaanza kuchanua.